SAYANSI KWA KISWAHILI: Protini Inayoishia Kwenye Mkojo

Wengi wetu hapa Barking tuna jamaa Kenya wanaofuga ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, na pesa za chakula cha ng'ombe hutoka huku. Safari hii tuone zinakwenda wapi.

Takribani asilimia 16 ya uzito wa protini ni nitrojeni. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe, vijidudu huvunja sehemu kubwa ya protini ya malisho na kutoa amonia, kisha huitumia kujijenga. Baadaye ng'ombe huwameng'enya vijidudu hao, akapata protini ya kutengeneza maziwa.

Ila vijidudu huhitaji nishati, hasa ya wanga. Wanga ukipungua, amonia huingia kwenye damu, na ini huigeuza kuwa yurea. Kazi hiyo nayo hula nishati. Yurea nyingi hutoka na mkojo, kidogo huingia kwenye maziwa. Kwa kawaida, ni kama robo tu ya nitrojeni iliyoliwa inayofika kwenye maziwa.

Basi kuongeza protini peke yake ni kumwaga pesa. Embu, wakulima hupanda kaliandra: kilo 3 za majani mabichi hukaribia thamani ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Hata hayo yanataka mwenziwe wa nishati, kama pumba za mahindi au molasi. Kabla ya kutuma tena, tuulize kwanza: ng'ombe anakula nini pamoja nacho?

Na kwenu, tumbo hilo la kwanza huitwaje? Tuandikieni.