Wauza magari watupe maelezo kwa Kiswahili



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Nalo ni hili la kuunganisha simu na redio za magari yaliyotumika yanayotoka Japani.

Kijijini kwetu tuna gari moja tu la kutegemea, la abiria saba. Mchana hubeba watu na magunia kwenda mnadani, na usiku ndilo linalopeleka wagonjwa kituo cha afya, kwa sababu zahanati yetu haina gari. Wakati wa mvua za masika tulimpeleka mama mmoja aliyeshikwa na uchungu, nami nilikuwa kiti cha nyuma pamoja na mkunga. Tulipokuwa tukiteremka mlima, muuguzi wa kituo akapiga simu kutaka kujua tumefika wapi. Dereva akashika simu kwa mkono wa kulia na usukani kwa mkono wa kushoto, na mbele yetu palikuwa na kona yenye utelezi. Tairi la mbele lilisimama kwenye ukingo wa korongo. Tulishuka wanaume wote tukasukuma. Namshukuru Mungu mama yule alijifungua salama.

Kesho yake nilimwuliza dereva, "Ndugu yangu, kwenye usukani wako kuna kitufe chenye picha ya simu. Mbona hukitumii?" Akanijibu, "Mwalimu, hicho ni cha Wajapani."

Jibu hilo lilinikera sana, maana gari amelinunua kwa fedha yake na ushuru amelipa. Iweje kitufe kiwe cha Wajapani?

Jumamosi iliyofuata tulikaa ndani ya gari hilo saa tatu nzima. Kioo cha redio kimejaa maandishi ya Kijapani, lakini katikati ya maandishi hayo neno Bluetooth limeandikwa kwa herufi zetu. Tuliligusa, likakataa. Baadaye tuligundua kwamba breki ya mkono ilikuwa haijavutwa. Redio nyingi za aina hiyo hufunga sehemu ya mipango mpaka gari lisimame na breki ivutwe. Hapo nikatumia programu ya tafsiri iliyo kwenye simu yangu, ile ambayo ukielekeza kamera kwenye maandishi inakupa maana yake. Tafsiri yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, lakini ilitosha kutuonyesha mahali pa kusajili simu.

Tukakwama tena. Redio ilikuwa na nafasi tano za kukumbuka simu, na zote tano zilikuwa zimejaa simu za watu wa huko lilikotoka gari. Mpaka tulipofuta moja ndipo redio ikakubali kupokea simu ya dereva. Tukawasha Bluetooth kwenye simu, jina la redio likatokea, tukaligusa, ikadai namba ya siri. Redio za zamani hudai tarakimu nne, ambazo mara nyingi huonyeshwa kwenye kioo chenyewe, na kama hazionyeshwi mtu ajaribu 0000 au 1234. Redio zilizokuja baadaye huonyesha namba moja ile ile kwenye redio na kwenye simu, kazi yako ni kuhakikisha zinafanana na kukubali. Nikampigia dereva kutoka nje ya gari. Akabonyeza kitufe cha Wajapani, sauti yangu ikatoka kwenye spika. Watoto waliokuwa wamezunguka gari walipiga makofi.

Niseme pia kwamba Bluetooth haitumii bando, kama wengi wanavyodhani. Ni mawimbi ya redio yanayokwenda mita chache tu, kiasi cha kumi hivi. Tena mtu asishangae akisikia simu kwenye spika lakini muziki usitoke. Njia ya mazungumzo na njia ya muziki ni mbili mbali mbali, na redio kadhaa za zamani zilipewa ile ya kwanza tu. Hiyo si hitilafu, fundi asije akakutoza fedha kwa "kuitengeneza".

Nikitaja mafundi, kuna wengine ambao dawa yao ya kila ugonjwa ni kuchomoa waya wa betri. Baadhi ya redio za Japani, betri ikichomolewa, hujifunga na kudai namba ya siri ambayo mwenye gari hajapata kuiona, na tangu hapo hazisemi tena. Dereva wetu alikuwa karibu kufanyiwa hivyo.

Wale ambao redio zao hazina Bluetooth kabisa wanaweza kununua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, ambacho hupokea simu na kurusha sauti kwenye FM. Lakini redio za Japani za zamani hushika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na hapa kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo kifaa kitegwe kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na stesheni. Ukikitega kwenye 100 utalaumu kifaa bure.

Sisemi kwamba dereva sasa apige soga njia nzima. Hata mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, akili inakuwa kwa anayezungumza naye. Nasema yale maneno mawili ya "tumefika darajani" yasemwe bila mtu kuachia usukani.

Wajapani siwalaumu. Wao waliwatengenezea watu wao, na magari yanakuja kwetu kwa kuwa nao huendesha upande wa kushoto kama sisi. Lawama yangu ni kwa wenye yadi. Gari linaoshwa, linapakwa rangi tairi, linawekewa mazulia, lakini karatasi moja ya Kiswahili yenye kueleza vitufe haipo. Wazee wetu wanatusimulia kwamba mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vijitabu vya Kiswahili vilifika hadi vijijini na watu wakakaa vikundi kusikiliza redio na kujifunza kuchimba vyoo. Kama taifa liliweza hilo wakati ule, muuza gari anashindwaje kuchapa ukurasa mmoja?

Naomba wahusika wanaosimamia biashara ya magari watazame uwezekano wa kuagiza kila gari linalouzwa liwe na maelezo hayo, na simu za wenyewe wa kwanza zifutwe kabla gari halijakabidhiwa. Katika ile redio tulikuta hata orodha ya majina na namba za ndugu wa mtu. Tulizifuta. Na ndugu zangu mnaouza magari yenu humu humu nchini, mmefuta za kwenu?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Lushoto.