Acheni Kuchoma Mbolea

Wasee wa Magarini, mtanisamehe, lakini ule moshi wa asubuhi si usafi. Ni mbolea inaungua.

Kuanzia Marafa mpaka Gongoni mambo ni yale yale: uwanja unafagiwa, majani ya mwembe na mkorosho yanarundikwa, kiberiti, basi. Linabaki jivu kidogo, naitrojeni karibu yote imeenda na moshi. Mvua ikikaribia, hao hao tunatafuta mbolea ya gunia. Hata ile ya ruzuku bado ni doo, na 2024 sote tulisikia wakulima walivyouziwa feki. Mboji ya uani kwako nani atakulaghai nayo?

Tena mchanga wetu haushiki maji. Mboji inashika, mche unaendelea kunywa hata mvua ikikata. Aliyeona ukame wa 2020 hadi 2023 hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuanza hakutaki pesa wala digrii. Mimi chuo niliacha na rundo langu linaiva tu vizuri. Chagua kona yenye kivuli, mita moja kwa mita moja. Tandaza ndoo tatu za majani makavu, juu yake ndoo moja ya vibichi: maganda ya embe na nanasi, mabaki ya mboga, samadi ya mbuzi kama ipo. Nyunyiza maji, rudia mpaka rundo likufike kiunoni. Kamua konzi moja: yakitoka matone mawili matatu, poa, yakichuruzika, ongeza makavu. Geuza kila wiki. Ukihisi joto ndani, ni vijidudu vinapiga kazi. Plastiki toa yote. Nyama, samaki na mafuta usitie, utaita panya. Makumbi ya nazi weka kando, yanachelewa sana kuoza. Baada ya miezi mitatu hivi, ikiwa nyeusi na inanukia kama udongo wa mvua, iko tayari.

Wazee watakuambia moshi hufukuza mbu, na majani yakikaa yataficha nyoka. Hoja yao ina uzito. Lakini hakuna aliyesema uache kufagia. Rundo liweke mbali na mlango, na ukiligeuza kila wiki nyoka hatapata raha ya kukaa.

Vijana tunalia hatuna ajira, huku kitu cha kukuzia hata sukuma wiki za kuuza tunakitia moto. Kesho ukishika fagio, kiberiti kiache jikoni. Likikufika kiunoni, nitumie picha.