Tusifute Sura za Wazee Wetu

Kuna jambo linanikera. Hapa Miasenyi kanda za VHS za harusi na mazishi zimelala masandukuni, zinaliwa na vumbi. Mwaka jana ya kwetu tuliipeleka kwa fundi aiingize kwenye kompyuta. Babu, ambaye hatunaye tena, akaonekana akicheza ngoma, lakini mikono yake ilikuwa na mistari kama meno ya kitana!

Sababu ni hii. Televisheni yetu ya zamani ilifuata mfumo wa PAL: picha 25 kwa sekunde, kila picha nusu mbili, yaani mistari witiri na mistari shufwa. Nusu ya pili hunaswa baadaye kidogo. Kompyuta ikizionyesha pamoja, kitu kinachosonga huchanika.

Fundi alitupilia mbali nusu moja, kisha akasafisha chengachenga hadi makunyanzi ya babu yakatoweka. Ati amempendezesha! Nyanya alitazama akauliza, "Huyu ni nani?"

Mimi naonelea hivi: kwanza tuhifadhi nakala ghafi, isiguswe. Kisha tusafishe nakala nyingine. Programu ya FFmpeg hailipiwi, na kichujio chake kiitwacho yadif huweza kutoa picha 50 kwa sekunde kutokana na nusu zote, ngoma ikabaki ngoma. Chenga chache si neno.

Nasi bahati yetu nakala ghafi ilikuwepo. Shime wenzangu, ulizeni nyumbani leo! Picha chafu husafishwa, sura iliyofutwa hairudi.