Tusingoje Fundi wa Simu Toka Dar es Salaam

Simu ya ofisi si pambo la meza. Kila simu ya waya ina jozi yake mpaka kwenye swichibodi. Jozi isipoandikwa namba, fundi wa kesho atapapasa kama kipofu. Na hewa ya chumvi ya pwani yetu hula shaba iliyoachwa wazi. Kwa hiyo kazi hii haiishi siku moja.

Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara pale Somanga. Fundi wa Dar es Salaam angefikaje Kilwa Masoko? Lindi ina chuo cha VETA, na vijana wapo. Ofisi zetu ziwape kazi hiyo. Tulijitawala mwaka 1961. Na tuunge nyaya zetu wenyewe.