Wakala wa poka asibebeshwe hasara ya kasino

Kampuni ya poka mtandaoni haichezi na mteja wake. Wachezaji wanagombania pesa wao kwa wao, na kampuni inakata ada ya meza kwenye fedha zilizowekwa, mara nyingi asilimia 5 au chini yake, na kikomo chake ni dola chache. Ni kama mwenye uwanja anayekusanya kiingilio: ishinde timu yoyote, yeye kishapata chake. Kwa hiyo nikishika taarifa ya mwezi ya wakala wa poka, nikakuta jumla ya chini kabisa ni hasi, huwa nashuku kuna kitu kimepenyezwa humo ambacho si poka.

Mimi ni mtunza hesabu Mombasa. Wateja wangu wengi wana maduka na matatu, lakini siku hizi wanakuja pia vijana wanaolipwa na kampuni za nje kwa kuzipelekea wachezaji, yaani mawakala wa poka. Wana chaneli ya YouTube au Telegram, wanafundisha mchezo, wanaweka linki yao, na kila anayejisajili kupitia linki hiyo anahesabiwa kuwa wao ndio waliomleta. Wakikutana, mazungumzo ni asilimia tu. Huyu analipa 25, yule 35, kuna mwingine anaahidi 45. Mimi nawaambia asilimia iwe ndiyo ya mwisho kutazamwa. Kwanza ujue ni asilimia ya nini.

Kijana mmoja wa Kisauni alinijia na taarifa yake ameipiga chapa, kurasa mbili, amekunja pembe.

"Mama, hawa watu naona mimi ndiye ninayedaiwa."

Nikaanza kushuka naye mstari kwa mstari. Ada ya meza iliyotoka kwa wachezaji wake mwezi ule: dola 412. Chini yake, bonasi walizopewa wachezaji, toa 160. Gharama za kuweka na kutoa pesa, toa 31. Hapo zimebaki 221, na asilimia 30 yake ni dola 66 na senti 30. Hesabu ya poka imeishia hapo. Lakini mstari uliofuata uliandikwa "bidhaa nyingine", toa 540. Mmoja wa wachezaji wake alitoka kwenye meza za poka akaingia kwenye kasino ya kampuni hiyohiyo, akacheza ruleti kwa akaunti ileile, akashinda. Jumla ikawa hasi 319. Kijana akaandikiwa deni la dola 95 na senti 70, nalo likasukumwa hadi mwezi uliofuata, likisubiri kula ada mpya itakayoingia.

Nilimwuliza kama aliwahi kutangaza ruleti. Akasema hajawahi, yeye anafundisha poka peke yake. Mkataba wake, nilipousoma, ulikuwa na sentensi moja tu juu ya jambo hili: mapato ya wakala yatahesabiwa kwa bidhaa zote kwa pamoja. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyogeuza dola 66 kuwa deni.

Naliona jambo hili kuwa dhuluma, na sitafuti neno laini zaidi. Kwenye kasino kampuni inacheza na mteja, kwa hiyo inaweza kupoteza, na anayekubali kugawana nayo faida anaweza kuelewa kwa nini anagawana nayo hasara pia. Kwenye poka hasara ya namna hiyo haipo. Mpango wa mawakala unaolipa kwa haki hutenga hesabu ya poka na ya kasino, kila moja kwa mstari wake, na mwezi ukiisha kwa hasi, mwezi mpya unaanza na sifuri. Mambo hayo mawili yakikosekana kwenye mkataba, hata wakikuahidi asilimia 45, kaa mbali nao.

Jambo la pili ni namna ada yenyewe inavyogawiwa wachezaji. Chukua mkono mmoja. Meza ina watu sita, katikati zimekusanyika dola 40, kampuni imekata dola 2, na mchezaji uliyemleta wewe aliweka dola 18. Zipo kampuni zilizokuwa zikigawa sawa kwa kila aliyepewa karata, hata kama alizitupa papo hapo: hapo mchezaji wako anaandikiwa senti 33. Zipo zinazofuata kiasi alichoweka kila mtu: hapo anaandikiwa senti 90. Kwa asilimia 30, wewe unapata senti 10 kwa njia ya kwanza na senti 27 kwa njia ya pili. Kwa mchezaji mwangalifu anayetupa karata nyingi mambo yanageuka, njia ya kwanza ndiyo inayokulipa. Sina ugomvi na yoyote kati ya hizo mbili, ilmradi imeandikwa ipi inatumika.

Ugomvi wangu ni na njia ya tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mitandao mikubwa kama Ongame na iPoker ilileta hesabu zinazotazama nani anashinda na nani anapoteza. Hoja yao ilikuwa kwamba anayepoteza ndiye anayeleta pesa mpya kwenye mfumo, na anayeshinda anazitoa nje, kwa hiyo ada iandikwe zaidi kwa anayepoteza. Kibiashara inaeleweka. Lakini mtazame wakala. Aliyekaa na watu akawafundisha kucheza kwa akili, wakawa wanashinda, analipwa kidogo. Aliyewakusanya watu wasiojua kitu akawasukuma mezani analipwa vizuri. Kuanzia hapo, kipato cha wakala kinapanda jinsi jirani yake anavyozidi kuishiwa.

Hili linaniuma kuliko lile la hasi, kwa sababu wachezaji wenyewe ni watu tunaowajua. Ni mwanafunzi wa chuo, ni dereva wa bodaboda, ni mpwa wa mtu. Ada ya meza inayokatwa sawasawa kwa aliyeshinda na aliyeshindwa angalau haimpi wakala sababu ya kuombea mtu apoteze. Mgao wa faida ya kasino unampa sababu hiyo kila siku, na ndiyo maana vijana wakiniuliza huwa nawaambia wasiukubali kabisa, hata ukiwa umetengwa kwa mstari wake.

Wengine wanapendelea malipo ya kichwa, yaani kiasi kimoja kwa kila mchezaji mpya, basi. Kwa anayeanza si vibaya. Pesa inakuja mara moja na hakuna cha kusukumwa mwezi ujao. Asome tu mchezaji anatakiwa aweke kiasi gani na alipe ada ya meza kiasi gani ndipo ahesabiwe, maana kizingiti kikiwa juu wengi hawakifikii. Na asome kama wanamlazimisha kuleta idadi fulani kila mwezi la sivyo asilimia inashushwa kwa wachezaji wa zamani aliokwisha kuwaleta. Sharti hilo likiwepo, afunge ukurasa.

Kisha kuna swali ambalo vijana hawapendi kuliuliza: kampuni yenyewe itakuwepo? Oktoba 2006 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia malipo ya kamari ya mtandaoni isiyo halali, na PartyGaming, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikaondoka kwenye soko hilo. Mawakala waliokuwa wakiishi kwa wachezaji wa Kimarekani waliowapeleka huko walipoteza kipato chao. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa New York walikamata anwani za mtandaoni za PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker. PokerStars, iliyokuwa imetenga fedha za wachezaji kando na zake kama leseni yake ya Isle of Man ilivyotaka, ikaanza kuwarudishia watu pesa zao upesi. Full Tilt ilikuwa inadaiwa na wachezaji kama dola milioni 390, benki ikiwa na kama milioni 60. Juni mwaka huohuo leseni yake ya kisiwa cha Alderney ikasimamishwa. Wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014, kutokana na fedha ambazo PokerStars ilikubali kuilipa serikali.

Mchezaji alikuwa na wa kumpigania. Lakini kamisheni ya wakala ni deni la kawaida la kibiashara, na kampuni ikianguka hukaa nyuma ya foleni. Kwa hiyo swali la fedha za wachezaji kutengwa ni swali lako wewe pia, na usiache kamisheni ya miezi kadhaa imelala huko kwa sababu tu kima cha chini cha kutoa kimewekwa juu.

Hapa Kenya kuna la nyongeza. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, kamisheni ya namna hii imetajwa katika mapato ya maudhui ya kidijitali, yenye kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi. Kampuni ya nje inayokulipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali, haikukatii kitu, na wengi wanadhani basi hakuna kinachodaiwa. Kinadaiwa. Yaandike mapato hayo mwezi kwa mwezi, kwa shilingi ya siku ile yalipoingia.

Serikali nayo imekuwa ikitazama upande mmoja. Aprili 2025 matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti ikaja sheria mpya ya kamari na mamlaka mpya ya kuisimamia. Niliunga mkono hatua ile ya matangazo. Lakini mkataba unaomfanya kijana atangaze haujaguswa. Mamlaka ikiwa inakagua maombi ya leseni, idai pia mkataba wa mawakala uwekwe mezani: hesabu ya kila bidhaa kando, hasi isivuke mwezi, masharti yasibadilishwe kwa wachezaji waliokwisha kuletwa, na wakala asilipwe kwa kipimo cha aliyepoteza. Kampuni itakayokataa kuuonyesha isipewe leseni ya kuchezesha watu wetu.