MATEMBEZI YA NCHI YETU: Kutoka Bute hata Mto Tana

Watu wengi wa bara wakisikia jina la Bute hufikiri jua, vumbi na ngamia tu. Mtu akiwaambia kwamba upande huo wa Kenya wafaa kwa matembezi ya kuburudisha moyo, hucheka. Kicheko hicho si kipya. Katika enzi ya ukoloni, maofisa wa Kiingereza waliokaa Wajir waliipa klabu yao jina la mzaha, Royal Wajir Yacht Club, yaani klabu ya mashua, katika nchi isiyo na bahari wala ziwa la kusafiria. Mzaha ulikuwa mzuri, lakini maji yapo. Ni machache tu, na kila kisima kina wenyewe.

Bute iko kaskazini ya Wajir, karibu na mpaka wa Ethiopia. Msafiri atokaye huko kwenda kusini hufika kwanza kwenye visima vya Wajir, vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa. Hapo ndipo apatapo somo lake la kwanza. Kisimani watu hunywesha mifugo kwa zamu, na zamu ni jambo zito, maana kundi likikosa siku yake huenda likafa njiani. Basi mgeni mwenye adabu huwaamkia wazee kwanza, hungoja, wala hatii chombo kichafu ndani ya maji. Afanyaye hivyo hukaribishwa maziwa ya ngamia kabla hajaomba.

Karibu na mji wa Garissa, penye hifadhi ya Bour-Algy, ataona twiga wakitembea huru karibu na mbuzi na ng'ombe wa wenyeji. Na hapo Garissa kuna Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, wenye mamba na viboko, na mashamba ya maembe na ndizi kandokando yake. Mwenye kupenda ndege na miti mikubwa hatachoka, ila asikaribie ukingo bila mwenyeji wa kumwonyesha mahali pa salama.

Akiufuata mto kuelekea pwani atafika Ishaqbini, karibu na Masalani, na hapo ndipo penye hazina ya safari yote. Ni hirola, mnyama wa jamii ya kongoni, mwenye mstari mweupe kati ya macho mithili ya miwani. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu mengi. Leo waliobaki duniani hawafiki 500. Sotoka, ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe wa babu zetu, uliwapiga katika miaka ya 1980, kabla haujatangazwa kuwa umekwisha duniani mwaka 2011. Ukame na majangili wakaongeza hasara. Na jambo la kushangaza ni kwamba miti nayo imewadhuru. Tembo waliokuwa wakiiangusha waliuawa, vichaka vikafunga mbuga, na hirola, alaye majani ya nchi wazi, akakosa malisho. Kwa hiyo si kila mahali ambapo msitu mnene ni dalili ya heri.

Mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipokuwa likiwahamisha hirola kwenda Tsavo, nia yake ilikuwa kuwaokoa. Lakini wenyeji wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kupinga, wakisema wanyama hao ni sehemu ya urithi wa nchi yao, na mahakama ikazuia kazi ile. Kushinda kesi ni rahisi kuliko kulinda kilichoshindaniwa. Wafugaji wa Ishaqbini hawakukaa kitako. Walitenga ardhi yao wenyewe, na mwaka 2012, kwa msaada wa wahifadhi, hirola 48 waliingizwa katika eneo la hekta 2,700 hivi, lililozungushiwa ua wa kuzuia simba na fisi. Miaka michache baadaye idadi yao ilizidi mara mbili.

Basi atakaye kutembea huko na ajue kwamba anaingia nyumbani kwa watu. Aulize kwanza serikali ya mahali habari za usalama, hasa akielekea msitu wa Boni, ambako operesheni ya askari ilianza mwaka 2015. Achukue maji yake ya kutosha, asije akawa mzigo kisimani. Aajiri kijana wa huko amwongoze, na amlipe ujira wa haki, maana mfugaji aliyeacha malisho kwa ajili ya hirola naye ana watoto wa kuwalisha na kuwasomesha. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aondokaye akiwa ameburudika, naye mwenyeji hajapata lolote, hakutembea, alipita tu.