Jina katika orodha ya mgambo na haki za waliobaki nyumbani



Ndugu msomaji, tangazo la mafunzo ya Jeshi la Akiba linapobandikwa katika ofisi ya mtaa, wengi wetu hudhani kwamba linawahusu vijana wasio na ajira peke yao. Dhana hiyo haikuzuka bure. Wahitimu wengi wa mgambo huajiriwa katika kampuni za ulinzi, na vijana huyaendea mafunzo hayo kwa matumaini ya kupata riziki. Hata hivyo, suala lililofika katika kamati ya msikiti wetu linamhusu mhasibu wa miaka 38, mwenye kazi ya kudumu, mke na watoto watatu. Aliyelileta ni mkewe, kupitia kwa dada zetu wa darsa la Alkhamisi. Hakuuliza kama jeshi ni halali au haramu. Aliuliza: mume akishapeleka jina lake bila ya kumshauri mkewe, je, mke ana haki ya kusema neno?

Jibu ni kwamba anayo haki, na dalili zake si za kutafuta kwa taabu.

Kwanza tuondoe shaka juu ya asili ya jambo lenyewe. Kulinda nchi, roho za watu na mali zao ni kheri, na Muislamu mwenye taaluma hana sababu ya kujitenga nalo. Jeshi la Madina katika zama za Mtume (SAW) halikuwa na kambi wala mshahara wa mwezi. Wapiganaji wake walikuwa wakulima wa mitende, wafanyabiashara wa sokoni na wachunga ngamia, ambao waliitwa ilipohitajika na wakarudi katika kazi zao baada ya hapo. Daftari la askari wanaolipwa lilianzishwa baadaye na Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Kwa maana hiyo, mraia anayejifunza silaha na kurudi ofisini kwake anafuata utaratibu wa kale sana. Hapa kwetu pia, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Jeshi la Wananchi lilikuwa dogo, na wanahistoria hukadiria kwamba askari wake hawakufika 40,000. Lilikuzwa kwa haraka hadi kupita 100,000, na miongoni mwa waliolikuza walikuwamo mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na askari magereza. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Wazee wengi wanaoswali nasi wanaikumbuka miezi ile, na mabibi zetu wanaikumbuka zaidi, kwa sababu wao ndio waliobaki na watoto.

Wanazuoni wetu wametofautisha hali mbili. Adui akishaingia nchini, kutoka kwenda kumzuia huwa ni faradhi ya kila mwenye uwezo, na hapo ruhusa ya mzazi au ya mke haisubiriwi. Lakini kujitolea wakati wa amani, katika nchi yenye jeshi lililosimama, hakuzidi faradhi ya kutoshelezana: wakitimiza baadhi ya watu, wengine hawana dhambi. Matumizi ya mke na watoto, kwa upande wake, ni wajibu wa mume mwenyewe, na jirani hawezi kuutimiza kwa niaba yake. Anayeuacha wajibu huu ili akafanye kile ambacho wengine wanaweza kukifanya, ameligeuza jambo kichwa chini.

Ipo hadithi katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), ambayo mtu angeweza kudhani imekuja kwa ajili ya swali hili hasa. Mtu mmoja alimwendea Mtume (SAW) akamweleza kwamba jina lake limeshaandikwa katika msafara fulani wa vita, ilhali mkewe ameondoka kwenda kuhiji. Mtume (SAW) alimwamuru aende akahiji pamoja na mkewe. Tuzingatie kwamba jina lilikuwa limekwishaandikwa, na vita vyenyewe vilikuwa vya haki chini ya Mtume, si gwaride la mafunzo. Vilevile Sayyidna Uthman (r.a.) hakwenda Badri kwa kuwa alibaki kumuuguza mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, na akahesabiwa fungu lake kama waliohudhuria. Mwingine aliyeomba kwenda jihadi aliulizwa kama wazazi wake wako hai, na alipojibu kuwa wako hai, aliagizwa jitihada yake aifanye katika kuwahudumia wao.

Wanahistoria wanasimulia pia kwamba Sayyidna Umar, katika doria zake za usiku, alimsikia mwanamke akilalamika kwa mashairi juu ya upweke wa kuachwa na mume aliyekuwa vitani. Khalifa hakumkemea. Alimwendea binti yake Hafsa (r.a.) na kumuuliza mwanamke anaweza kustahamili kwa muda gani kukaa mbali na mumewe. Riwaya zinatofautiana baina ya miezi minne na sita, lakini zinakubaliana kwamba aliagiza askari wasizuiliwe kupita muda huo. Mtawala wa dola iliyokuwa ikipigana pande mbili alipanga zamu za majeshi yake kwa kauli ya mwanamke. Sisi tunaona uzito kumuuliza mke kabla ya kupeleka barua kwa mshauri wa mgambo wa wilaya!

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa mhusika ni mhasibu. Mafunzo ya mgambo huchukua takriban miezi minne: kwata, usomaji wa ramani, silaha ndogo ndogo, mbinu za kivita, huduma ya kwanza, pamoja na masomo kutoka polisi, uhamiaji na zimamoto. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28. Siku zinazobaki zitatoka wapi? Kama ni likizo bila malipo, basi kodi ya nyumba, ada na unga wa nyumbani vinahitaji jibu kabla ya siku ya kwanza ya mchakamchaka, na jibu hilo lisiwe mkopo. Mtume (SAW) alifundisha kwamba shahidi husamehewe kila kitu isipokuwa deni. Sitaki kuwatisha watu, lakini nimeshuhudia familia ikigundua madeni ya marehemu makaburini, wadai wakijitokeza mmoja baada ya mwingine. Deni liandikwe, amana za watu ziandikwe, na wasia uandikwe, kwani tumefundishwa kwamba mwenye kitu cha kuusia asipitishe nyusiku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa.

Jambo jingine ni amri. Katika miji yetu neno mgambo limepata harufu mbaya, kwa sababu wananchi wengi hulijua kupitia sahani za mama lishe zilizomwagwa na meza za machinga zilizobebwa. Anayejiunga ajue kwamba utii una mpaka. Katika zama za Mtume (SAW), kamanda mmoja aliwakasirikia askari wake, akawasha moto na kuwaamuru waingie ndani yake. Walikataa, na habari ilipomfikia Mtume (SAW) alieleza kwamba lau wangeingia wasingetoka tena, kwa kuwa utii ni katika mambo mema tu. Mtu mzima mwenye elimu na kazi yake ana nafasi nzuri zaidi ya kukataa dhulma kuliko kijana anayeogopa kukosa ajira, na kwa hiyo mimi binafsi ningependa kuwaona watu wa aina yake wakiwa wengi zaidi katika mgambo.

Kuhusu ibada, yapo mambo ambayo wanaokwenda huyakosea. Anayekaa kambini miezi minne si msafiri. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, huswali swala kamili wala hapunguzi. Buti za jeshi zinazofunika vifundo, zikivaliwa baada ya udhu kamili na zikawa hazina najisi, zinafaa kupakwa maji juu yake mchana na usiku mmoja kwa mkazi, hivyo kisingizio cha kamba ndefu za buti hakina nafasi. Mafunzo yakiingia Ramadhani, mtu anuie usiku na aamke amefunga. Akifikwa na shida ya kweli mchana, atafungua na kulipa baadaye. Ruhusa ya Ijumaa iombwe kwa heshima siku ya kuripoti, na iombwe kwa ajili ya Waislamu wote waliopo kambini. Dada zetu wanaotaka kujiunga waulize mapema kuhusu mavazi na malazi, na wasilipe chochote kabla ya kupata jibu.

Tena mume na mke wasidhani kwamba mazungumzo yao ni ya miezi minne. Anayehitimu huapa, na akishaapa ni askari wa akiba anayeweza kuitwa wakati wa haja, pengine watoto wakiwa sekondari na wazazi wakiwa wamezeeka. Ridhaa inayoombwa kwa mke ni ya miaka hiyo yote, na ni vyema mume amwambie hivyo waziwazi, wazee wa pande mbili wakiwepo.

Wallahu a'lam.